Mtandao si uchawi: wakaaji wa Kivu wajue namna unavyofanya kazi

Kila mara rezo inapokatika katika mji wa Goma, ao kule Sake, Minova na Bukavu, maneno ni yale yale. Mmoja anasema wakubwa wamekata. Mwengine anasema vita imekaribia. Wa tatu anazima simu na kuiwasha mara kumi mpaka bateri inaisha. Ndani ya saa moja habari imezunguka soko la Virunga, imefika Majengo na Katoyi, na familia zenye zilikimbia Masisi na Rutshuru zinaanza kufunga mizigo tena. Mara nyingi sababu ni ndogo tu: mazutu imeisha kwa jenereta ya antena, kable imekatwa na watu wenye kuchimba barabara, ao mega za mwenye simu ndizo zimeisha.

Hapo ndipo shida inaonekana wazi. Mtandao umekuwa kitu cha lazima kama maji na unga. Kwa njia yake mama anapokea makuta kutoka kwa mtoto wake wa Kolwezi, mwalimu anapata ratiba ya mtihani wa serkali, na jamaa iliyotengana wakati wa kukimbia inatafutana. Tena kwa njia yake uongo unatembea haraka kuliko mota. Lakini watu wenye kuutumia kila siku hawajafundishwa namna unavyofanya kazi, hata kwa dakika tano. Wanaufikiria kama mvua: ukija wanashukuru, ukikosekana wanangoja.

Kungoja hivyo kunakula makuta ya masikini na kunaongeza woga. Misingi ya mtandao si elimu ya mainjinia peke yao. Inaweza kufundishwa kwa Swahili, chini ya mti, mbele ya watu wenye hawakumaliza shule ya msingi. Na inapasa ifundishwe sasa.

Mtandao si intaneti

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: mtandao na intaneti si kitu kimoja. Mtandao ni vyombo viwili ao zaidi vyenye kuzungumza. Simu mbili zenye kupeana picha bila mega ziko kwenye mtandao. Kompyuta tano za ofisi zenye kutumia mashini moja ya kuchapa ziko kwenye mtandao. Intaneti ni mitandao mingi ya dunia nzima iliyounganishwa mmoja na mwengine. Goma iko na avenyu nyingi, na kila avenyu iko na maisha yake hata siku ile barabara kubwa ya kwenda Rutshuru imefungwa.

Tofauti hiyo iko na maana kubwa kwa wahami. Watu wengi wanafikiri kwamba pasipo mega hakuna kitu chenye kuwezekana. Si kweli. Kompyuta moja ndogo, yenye kukaa mkononi na kula umeme kidogo wa pano ya jua, inaweza kubeba vitabu vya shule, masomo ya afya, hata Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa njia ya programu ya bure yenye kuitwa Kiwix. Kompyuta hiyo inatoa Wi-Fi yake yenyewe. Watoto wenye simu wanajiunga, wanasoma, na hakuna hata mega moja yenye kutumika, kwa sababu maneno hayatoki nje ya darasa. Intaneti ikikatika kwa juma moja, masomo yanaendelea.

Shule ngapi zenye kupokea watoto wahami zinajua jambo hilo? Wazazi wanaombwa makuta ya kununua mega ili watoto wafungue kitabu kile kile, kila siku, kila mtoto na simu yake. Ni kama kila mtoto kulipa mota ya kwenda kusoma kitabu mbali, wakati kitabu kingeweza kuwekwa ndani ya darasa mara moja.

Anwani, vifurushi na chukudu

Kwa kuzungumza, kila chombo kinahitaji anwani. Ni kama parsele: mtu mwenye kutafuta nyumba atauliza kartye, avenyu, kisha namba. Katika mtandao namba hiyo inaitwa anwani ya IP. Kwenye Wi-Fi ya nyumba inafanana mara nyingi na 192.168.1.15. Sehemu ya mbele inaonyesha avenyu, na ile ya mwisho inaonyesha nyumba. Vyombo viwili haviwezi kuwa na namba moja kwenye avenyu moja, la sivyo barua zitapotea.

Nani anagawa namba hizo? Ni kisanduku chenye kuitwa ruta. Kazi yake inafanana na ile ya nyumbakumi na ya polisi wa kwenye ronpwe kwa wakati mmoja. Simu mpya ikiingia, inamwuliza: "Bwana shefu, mimi ni mgeni, nipatie namba." Ruta inamwandika ndani ya buku lake na kumpa. Kama buku limejaa, mgeni anabaki bila namba, na simu haiwezi kufikia intaneti. Watu wengi wanalaani kampuni hapo, lakini kampuni haina kosa. Ruta ndogo ya nyumba iliyofungwa kwa kuhudumia familia moja haiwezi kupokea kambi nzima.

Kazi ya pili ya ruta ni kuonyesha njia. Neno lenye kwenda kwa jirani linabaki ndani, neno lenye kwenda Kinshasa ao Brussels linatumwa nje. Tena namba za ndani ya nyumba hazijulikani nje. Dunia inaona namba moja tu ya mlango mkubwa, na ruta ndiyo inakumbuka kwamba jibu hili ni la simu ya mama na lile ni la simu ya kijana. Mpango huo unasaidia sana, kwa sababu namba za aina ya zamani zinapita kidogo tu milioni elfu nne kwa dunia nzima, na watu peke yao ni karibu mara mbili ya hesabu hiyo. Namba za aina mpya, IPv6, ni nyingi kupita kuhesabu, lakini bado hazijaenea kila mahali.

Na maneno yanatembea namna gani? Hapa wakaaji wa Goma wako na mfano kuliko watu wote. Mboga na viazi vya Kibumba haviteremki mjini ndani ya gunia moja kubwa kama nyumba. Vinagawanywa juu ya chukudu nyingi. Moja inapita mbele, nyingine inachelewa kwenye mlima, ya tatu inapoteza gurudumu. Sokoni mwenye mali anahesabu, na ikikosekana gunia moja anaagiza lingine. Mtandao unafanya vile vile. Picha ya mtoto inakatwa kuwa vifurushi vidogo, kila kimoja kikibeba kwa kawaida baiti zisizopita 1500, na kila kimoja kikiandikwa kinapotoka, kinapokwenda, na namba yake katika mstari. Vifurushi vinaweza kupita njia mbalimbali. Kule mwisho vinapangwa, na chenye kukosekana kinatumwa tena.

Ndiyo sababu picha inafunguka pole pole wakati rezo ni mbaya. Vifurushi vinapotea na kurudiwa. Ndiyo sababu pia ujumbe wa maandishi unapita siku ile video inakataa: maandishi ni chukudu moja, video ni msafara mzima. Mtu mwenye kujua hilo, siku ya hatari, hatatuma video. Ataandika: "Tuko wazima, tuko Minova, watoto wote wapo." Maneno hayo machache yatapita kwenye mlango mwembamba.

Liko jambo lingine moja. Watu hawakumbuki namba, wanakumbuka majina. Kwa hiyo kuko buku kubwa la dunia lenye kubadilisha jina la mahali kuwa namba. Linaitwa DNS. Likigonjwa, barabara iko, nyumba iko, lakini mpita njia hajui nyumba iko wapi. Mara nyingi wanasema intaneti imekufa, kumbe ni buku la majina tu lenye halijibu.

Barabara ndefu mpaka baharini

Wengi wanafikiri kwamba intaneti inatoka mbinguni, kwa satelite. Satelite ziko, na matumizi yake yanaongezeka, lakini sehemu kubwa ya intaneti ya dunia inapita chini: ndani ya fibra, nyuzi nyembamba za kioo zenye kubeba mwangaza, zilizozikwa kando ya barabara na kulazwa chini ya bahari. Upande wa magharibi, Kongo inagusa bahari kule Muanda, ambako kable ya WACS inaingia. Lakini Kivu iko mbali na Muanda. Sehemu kubwa ya maneno ya mashariki inapita nchi jirani, inashuka mpaka Mombasa na Dar es Salaam, kisha inaingia baharini.

Kwa hiyo Goma inaweza kukosa rezo nzuri kwa sababu ya jambo lenye halikutokea Goma. Tarehe 12 Mei 2024 kable mbili za bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata matatizo, na nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zikaona intaneti yao inapungua. Mtu wa Himbi mwenye kuangalia simu yake siku kama ile angeweza kusema ni adui amekuja. Lakini shida ilikuwa chini ya maji, mbali sana, na ilihitaji meli ya mafundi.

Ni kweli pia kwamba mara nyingine ni wakubwa ndio wanakata. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilifungwa katika nchi nzima karibu majuma matatu. Mwezi wa Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ilifungwa vilevile. Raiya hawawezi kulaumiwa kwa kuwa na mashaka. Lakini mashaka yenye akili yanauliza maswali. Rezo imekatika kwa kampuni moja ao kwa zote? Sauti inapita na mega hazipiti? Kartye moja ao mji mzima? Bukavu wanaiona? Kama ni kampuni moja na kartye moja, ni antena. Kama ni kampuni zote na simu za kawaida zinapita, jambo ni kubwa zaidi, iwe kable ao amri. Majibu manne hayo yanatuliza familia kuliko maneno mia ya kwenye vikundi vya WhatsApp.

Kuko pia mahali pa mitandao kukutana, ili maneno ya mtu wa Goma kwenda kwa mtu wa Goma yasizunguke Ulaya mbele ya kurudi. Kinshasa iko na KINIX, Lubumbashi iko na LUBIX, na Goma iko na GOMIX. Ni jambo la kuungwa mkono, kwa sababu njia fupi ni njia ya haraka na ya bei ndogo. Lakini raiya wangapi wamesikia jina hilo? Kitu chenye raiya hawakijui hawawezi kukidai, na chenye hawakidai kinaweza kufa bila mtu kulia.

Mega, kasi na udanganyifu

Ujinga uko na bei, na bei hiyo inalipwa kila siku. Mfanyabiashara anaweka antena juu ya duka na kuandika kwamba anauzisha Wi-Fi ya 10 mega. Wateja wanafikiri ni mega zile zile za kwenye simu. Sivyo. Kasi inapimwa kwa megabiti, na ukubwa wa video unapimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mstari wa megabiti 10 unaleta megabaiti 1.25 kwa sekunde moja. Video ya megabaiti 100 itachukua sekunde 80, kama mtu yuko peke yake.

Lakini hayuko peke yake. Tuseme mwenye duka ameuzisha mstari ule kwa watu 40, na wote wanaingia saa mbili ya usiku. Kila mmoja anabaki na robo ya megabiti. Video ile ile sasa inataka sekunde 3200, maana yake dakika 53. Mteja analipa kwa saa, saa inaisha, video haijaisha, analipa tena. Mwenye duka hakuiba kwa mkono, lakini mteja aliibiwa na hesabu yenye hakujua. Swali moja tu lingetosha: "Papa, mstari wako ni wa megabiti ngapi, na watu wangapi wanaingia?" Mfanyabiashara mwenye haki hataogopa kujibu.

Jambo lingine ni ile alama ya Wi-Fi ao ya rezo kwenye simu. Inaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na antena ao ruta, haionyeshi kwamba intaneti iko. Mtu anaweza kusimama kando ya ronpwe, akaiona vizuri, lakini barabara yenye kutoka hapo imefungwa. Alama zikijaa na hakuna kitu chenye kufunguka, shida iko mbele zaidi, kule nyuma ya antena. Alama zikiwa chache, mtu asogee: ukuta wa mawe ya volkano na mabati vinazuia mawimbi, bashi ya hema haizuii sana. Kuweka ruta chini ya kitanda ao nyuma ya sahani za chuma ni kujifungia mlango.

Na usalama? Wi-Fi ya wazi, yenye haina neno la siri, ni kama kuzungumza kwa sauti ndani ya taksi. Mtu mbaya anaweza hata kuwasha Wi-Fi yenye jina sawa na lile la kituo cha msaada, na watu wakaingia kwake. Basi mtu asiandike namba ya siri ya makuta yake kwenye ukurasa wenye ametumiwa na mtu asiyemjua. Wenye kuwa na ruta nao wabadilishe neno la siri la kiwandani siku ya kwanza, kwa sababu maneno hayo yanajulikana na kila mwizi.

Kwa upande wa makuta ya simu, toka benki zifungwe mjini Goma mwezi wa Januari 2025, familia nyingi zimebaki kutegemea njia hiyo. Inafaa wajue kwamba kodi za nyota na alama ya reli hazitumii intaneti. Zinapita njia ya simu ya kawaida. Siku mega zimekatika lakini simu zinaita, makuta bado yanaweza kufika. Mama mwenye amezoea programu yenye rangi tu, na hajui kodi, atalala njaa na makuta yako ndani ya simu.

Kutafuta ugonjwa hatua kwa hatua

Fundi mzuri wa mtandao hafanyi uchawi. Anauliza maswali kwa mstari, kutoka karibu kwenda mbali, kama muuguzi mwenye kuanza na joto la mwili mbele ya kuandika dawa. Maswali hayo mtu yeyote anaweza kuyajifunza.

Swali la kwanza: kuko umeme? Ruta iko na taa? Kable imeingia mpaka mwisho? Shida nyingi zinakufa hapo. Kable ya mtandao iko na nyuzi nane ndani, na moja ikikatika na panya, kazi inaweza kuharibika. Tena kable hiyo haipaswi kupita mita 100 bila chombo cha kuisaidia katikati.

Swali la pili: shida ni ya simu moja ao ya wote? Kama jirani kwenye Wi-Fi ile ile anafungua vizuri, ugonjwa uko ndani ya simu, si kwenye mtandao.

Swali la tatu: simu ao kompyuta imepewa anwani? Ikionyesha namba yenye kuanza na 169.254, maana yake iliomba na hakuna aliyeijibu, ikajipa namba yenyewe. Ni mgeni mwenye kulala nje ya parsele.

Swali la nne: inaweza kufikia ruta? Kwa kompyuta, neno "ping" na namba ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 ao 192.168.0.1, linatuma kifurushi kidogo na kupima kinarudi kisha muda gani. Kikirudi, ndani ya nyumba mambo ni sawa.

Swali la tano: inaweza kufikia namba ya mbali, kama 8.8.8.8? Ikikataa, mstari wa kwenda nje umekatika, na hapo ndipo kupigia mwenye kutoa intaneti kuna maana. Ikijibu, lakini majina hayafunguki, ni lile buku la majina lenye mgonjwa.

Maswali matano, dakika kumi. Kituo cha afya chenye mtu mmoja mwenye kuyajua hakitangoja siku nne fundi wa kutoka mjini, na kumlipa safari ili aje kusukuma kable iliyotoka.

Antena bila fundi

Hapa ndipo lawama kubwa inapofaa kuwekwa. Kwa miaka mingi miradi imekuja Kivu na antena. Kambi fulani inapewa Wi-Fi, picha zinapigwa, wageni wanapiga makofi. Mradi ukiisha, fundi anaondoka na maneno ya siri ndani ya kichwa chake. Bateri inakufa, hakuna mwenye kujua aina ya kununua. Ruta inajifunga, hakuna mwenye kujua namna ya kuifungua. Kisha miezi michache, antena inabaki kama mti mkavu, na watoto wanaanikia nguo juu ya nguzo yake. Wakaaji wanasema: "Walituletea rezo, wakairudisha." Hakuna aliyeirudisha. Iliachwa bila mwenyewe.

Mifano mizuri iko karibu. Katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, mtandao wa jamii wenye jina Pamoja Net ulianzishwa mwaka 2016, na wakaaji wa kisiwa wakaanza kuutumia kwa pamoja. Mjini Bukavu, vijana wa Mesh Bukavu wamejenga mtandao wenye visanduku vya kupeana maneno kutoka nyumba mpaka nyumba. Faida ya mtandao wa namna hiyo ni kwamba kisanduku kimoja kikikufa, maneno yanaweza kutafuta njia ya jirani. Mifano hiyo inaonyesha kwamba watu wa hapa wanaweza kushika kazi hiyo kwa mikono yao.

Kwa hiyo kila mwenye kuleta antena, awe serkali, shirika ao kanisa, aulizwe mambo matatu mbele ya kuchimba shimo la nguzo. Ni vijana gani wa hapa, wavulana na wasichana, wahami na wenyeji, watafundishwa? Maneno ya siri na ramani ya mtandao vitabaki ndani ya buku la nani? Na makuta ya bateri mpya yatatoka wapi kisha mwaka mmoja? Mwenye kukosa majibu hajaleta mtandao, ameleta chuma.

Wenye kusema si wakati wake

Wako wenye kusema: mtu mwenye kulala chini ya bashi, mwenye kungoja unga, atafanya nini na anwani za IP? Neno hilo linasikika kama huruma, lakini linamweka muhami nyuma daima. Ni muhami yule yule mwenye kuhitaji kujua kama kijiji chake kimetulia, kama makuta yamefika, kama mtoto aliyepotea ameonekana. Mwaka 2021, kisha volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, watoto wengi walitengana na wazazi kwa usiku mmoja, na uvumi ulizunguka kuliko habari. Siku kama ile, mtu mwenye kuelewa mtandao anasaidia avenyu nzima.

Wengine wanasema ni kazi ya mainjinia. Lakini kila mtu anajua namna ya kubadilisha jiwe la redio, na hakuna aliyesomea redio. Wazazi wa leo walijifunza pia kuchaji simu, kutuma makuta, kurekodi sauti. Hawakukosa akili, walikosa mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao.

Na liko jambo lenye kuuma zaidi. Ndani ya simu na ruta za dunia kunakuwa tantali, na tantali inatoka ndani ya koltani. Rubaya, katika Masisi, inajulikana dunia nzima kwa koltani yake. Watu waliokimbia Masisi walitoka juu ya udongo wenye kufanya mitandao ya wengine itembee. Kuwaambia watu hao kwamba elimu ya mtandao si yao ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Yenye kufaa kufanywa hayahitaji mamilioni. Redio za jamii zitoe dakika kumi kwa juma, kwa Swahili safi, somo moja kila mara: anwani, ruta, kifurushi, neno la siri. Waalimu wa hesabu waweke hesabu ya megabiti na megabaiti kati ya mazoezi yao. Vyuo vya Goma na Bukavu vitume wanafunzi wao wa kompyuta kwenye shule zenye kupokea wahami, na kazi hiyo ihesabiwe kama mazoezi ya mwisho wa mwaka. Makanisa na misikiti, yenye kumbi na jenereta, yafungue mlango siku ya posho. Kila mkubwa wa kartye atafute vijana wawili wa kuuliza yale maswali manne siku rezo imekatika, na kuwaambia watu ukweli mbele uvumi haujafika.

Rezo itakatika tena. Mazutu itaisha tena, kable itakatwa tena, na pengine amri itatolewa tena. Tofauti itakuwa kwa wakaaji: ao watafunga mizigo usiku kwa sababu ya jenereta iliyozimika, ao mama mmoja atasema, "Mungoje kwanza, muulize Bukavu kama wanaiona." Neno hilo moja, lililosemwa kwa utulivu, linaweza kuwaacha watoto walale mpaka asubuhi.